Glukosamini kwa Goti Linalouma: Namna ya Kuijaribu kwa Hesabu na kwa Usalama

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye goti limeanza kumsumbua, ambaye ameambiwa na jirani, na mchuuzi au na tangazo kwamba vidonge vya glukosamini "vinarudisha ute", na ambaye sasa anajiuliza kama fedha atakazotoa zitamletea nafuu. Jibu langu ni kwamba kirutubisho hiki kinaweza kujaribiwa na baadhi ya watu kwa muda ambao mwisho wake umepangwa tangu mwanzo, kwa kipimo kinachojulikana na kwa kumbukumbu zilizoandikwa. Hakifai kugeuzwa mazoea ya maisha yote kwa sababu tu mtu fulani alisimama mbele ya mkutano akashuhudia kuwa ametupa mkongojo.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaumwa ugonjwa gani

Majaribio mengi ya glukosamini yamefanywa kwa watu wenye ugonjwa mmoja, yaani kuchakaa kwa viungo, ambao mitaani huitwa kusagika kwa magoti. Katika ugonjwa huu gegedu, ambalo ni tabaka gumu lenye utelezi linalofunika ncha za mifupa inapokutana, hupungua na kukwaruzika. Mfupa ulio chini yake huota vipande vidogo pembeni, na utando wa ndani wa kiungo huvimba mara kwa mara. Mtu aliyefikisha miaka 45 au zaidi, ambaye goti lake huuma analitumia na kutulia anapopumzika, na ambaye asubuhi hukakamaa kwa muda usiozidi nusu saa, ana dalili zinazoweza kumtosha daktari kuutambua ugonjwa huu hata bila picha ya eksirei. Picha yenyewe huweza kupotosha, kwa kuwa wapo watu ambao picha zao zinatisha lakini maumivu yao ni madogo, na wapo wenye maumivu makali ambao picha zao hazionyeshi jambo kubwa.

Maumivu ya viungo yana asili nyingine nyingi ambazo glukosamini haina kazi kwazo, na hapa ndipo watu wengi hupoteza muda. Baridi yabisi hushika mara nyingi viungo vidogo vya mikono yote miwili, hukakamaza mwili asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, na huhitaji dawa za hospitali mapema kabla viungo havijaharibika. Jongo huja ghafla, aghalabu usiku, na hupenda kuanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Mfugaji au mtu anayekunywa maziwa mabichi akipata homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo, apimwe brusela. Watu wa pwani wanapaswa pia kukumbuka chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 hadi 1953, na ambao ulilipuka Lamu mwaka 2004 na Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017 hadi 2018. Homa yake hupita kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo huweza kubaki kwa miezi mingi. Kwa kijana mwenye seli mundu, au kwa mtu ambaye goti lake moja limevimba polepole kwa miezi huku akipungua uzito, duka la virutubisho si mahali pa kuanzia.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na kuambatana na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Bakteria walioingia ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa siku chache.

Hatua ya pili: anza na yale ambayo yamethibitika

Ningependa msomaji asiruke hatua hii, ingawa najua ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu haina chupa wala kifuniko. Tiba zenye uthibitisho ulio imara kwa goti lililochakaa ni mazoezi ya kuimarisha misuli, kupunguza uzito kwa aliyezidi, na dawa ya kupaka. Mtu anayeanza glukosamini bila hizo ananunua msaidizi kabla ya kumpata mfanyakazi mwenyewe.

Kuhusu uzito, utafiti uliopima nguvu zinazopita gotini wakati wa kutembea, uliofanywa kwa wazee wanene wenye magoti yaliyochakaa na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Kwa hiyo anayepunguza kilo tano ameliondolea goti lake mzigo wa karibu kilo 20 kila mguu unapokanyaga, na mtu hukanyaga maelfu ya mara kwa siku.

Mazoezi hayahitaji ukumbi. Kaa juu ya kiti imara, nyoosha mguu mmoja mbele hadi goti linyooke kabisa, ushikilie hapo kwa sekunde tano, uushushe polepole, kisha urudie mara kumi kwa kila mguu. Baada ya hapo simama kutoka kitini na kukaa tena polepole bila kusaidiwa na mikono, mara chache mwanzoni, ukiongeza kadiri wiki zinavyopita. Ongeza matembezi kwenye ardhi iliyo sawa. Maumivu madogo wakati wa mazoezi hayana madhara, mradi yawe yametulia kufikia siku ya pili. Yakizidi na kubaki, punguza kiasi bila kuacha. Wapo wanaoamini kuwa goti linalouma lilindwe kwa kuketi, na matokeo yake ni kwamba misuli ya paja hudhoofika, goti hukosa mhimili, na maumivu huongezeka.

Jeli ya diklofenaki ya kupaka hupunguza maumivu ya goti kwa wengi, na kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo kuliko cha vidonge. Vidonge vya diklofenaki, ambavyo katika miji yetu hununuliwa kama pipi, vina hatari halisi kwa tumbo, figo, moyo na shinikizo la damu vinapomezwa kila siku kwa miezi, hasa kwa wazee. Mtu anayevimeza kwa namna hiyo amwone daktari kwa ajili ya hilo kwanza, kabla ya kufikiria kirutubisho chochote.

Hatua ya tatu: elewa unachonunua na kile ambacho utafiti umeonyesha

Glukosamini ni aina ya sukari yenye naitrojeni ambayo mwili huitengeneza wenyewe, na ni mojawapo ya malighafi za gegedu. Ile ya dukani hutolewa kwa kawaida katika magamba ya kamba, kaa na viumbe wengine wa jamii hiyo, ingawa ipo pia inayotengenezwa kwa kuchachusha mahindi. Kondroitini, ambayo huuzwa pamoja nayo mara nyingi, hutolewa katika magegedu ya ng'ombe, nguruwe au papa. Wazo lililo nyuma yake ni rahisi kulielewa: ukimeza malighafi, kiungo kitapata cha kujijengea. Tatizo ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu, na kiasi cha glukosamini kinachofika kwenye kiungo baada ya kupita tumboni na kwenye ini ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kilichotumika maabara kuonyesha kuwa seli za gegedu huchangamka. Anayekuambia kwamba vidonge hivi vinaotesha gegedu jipya anakwenda mbali kuliko utafiti wowote uliopo.

Matumaini makubwa yalitokana na utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2001. Watu 212 wenye magoti yaliyochakaa walifuatiliwa kwa miaka mitatu, nusu yao wakimeza miligramu 1,500 za glukosamini salfeti kila siku na nusu nyingine wakimeza kidonge kisicho na dawa. Nafasi kati ya mifupa ya goti, ambayo hupungua kadiri gegedu linavyokwisha, ilipungua kwa wastani wa milimita 0.31 kwa waliomeza kidonge kitupu, na milimita 0.06 kwa waliomeza glukosamini. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho, lakini ilitosha kuanzisha biashara kubwa duniani. Inafaa kukumbuka kuwa kampuni iliyokuwa ikitengeneza dawa hiyo iligharamia utafiti huo.

Kisha serikali ya Marekani, kupitia Taasisi zake za Taifa za Afya, iligharamia jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 1,583 waligawanywa katika makundi matano: glukosamini peke yake, kondroitini peke yake, zote mbili, dawa ya maumivu iitwayo selekoksibu, na kidonge kitupu. Baada ya wiki 24, watu 60 katika kila 100 waliomeza kidonge kitupu walikuwa wamepata nafuu ya asilimia 20 au zaidi katika maumivu yao, na virutubisho havikuwapita kwa kiasi ambacho takwimu zinaweza kukitofautisha na bahati. Selekoksibu ilifikisha watu 70 katika 100. Ndani ya jaribio hilo kulikuwa na kundi dogo la watu wenye maumivu ya wastani hadi makali, na kwao mchanganyiko wa glukosamini na kondroitini ulileta nafuu kwa watu 79 katika 100 dhidi ya 54 wa kidonge kitupu. Wauzaji hulinukuu kundi hilo dogo na kulinyamazia jaribio zima. Watafiti wenyewe walilieleza kama dokezo linalohitaji kuthibitishwa.

Uthibitisho huo haukuja kwa namna iliyo wazi. Mwaka 2010 uchambuzi uliokusanya majaribio 10 yenye wagonjwa 3,803 ulihitimisha kuwa glukosamini, kondroitini au mchanganyiko wake havipunguzi maumivu kwa kiasi ambacho mgonjwa atakihisi. Mwaka 2016 jaribio la Ulaya la watu 606 lilikuta mchanganyiko huo unakaribiana na selekoksibu baada ya miezi sita, ila halikuwa na kundi la kidonge kitupu, hivyo halikuweza kuonyesha ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na dawa zenyewe. Mwaka 2017 jaribio jingine, la Hispania, la watu 164, lilisimamishwa mapema kwa sababu waliopewa mchanganyiko walikuwa wakipata nafuu ndogo kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Ndiyo maana wataalamu wamegawanyika. Miongozo ya madaktari wa viungo wa Marekani ya mwaka 2019 inapinga vikali matumizi ya glukosamini kwa goti, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unawaelekeza madaktari wasiwape wagonjwa kabisa. Kundi moja la wataalamu wa Ulaya linaikubali, lakini linataja aina moja tu, yaani glukosamini salfeti ya fuwele inayotolewa kwa cheti cha daktari, na si kila chupa yenye jina hilo. Kwa maoni yangu, msomaji anaweza kushika mambo mawili katika mjadala huu mrefu: nafuu, kama ipo, ni ndogo na haimfikii kila mtu, na madhara, kwa mtu asiye na makatazo nitakayoyataja, ni machache. Hayo mawili yakichukuliwa pamoja yanaruhusu jaribio fupi la mtu binafsi, wala hayaruhusu zaidi ya hapo.

Hatua ya nne: jikague kama umo miongoni mwa wasiotakiwa kuitumia

Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze glukosamini bila idhini ya daktari anayemhudumia, kwa sababu zimeripotiwa kesi ambapo kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kilipanda na wagonjwa wakatokwa na damu baada ya kuchanganya vitu hivi viwili. Hili ndilo katazo zito kuliko yote, na ni katazo ambalo muuzaji wa mtaani hawezi kukuuliza.

Mwenye mzio wa kamba, kaa au samakigamba aiepuke ile inayotokana na magamba na atafute inayotengenezwa kwa mahindi, iwapo ataipata. Mjamzito na anayenyonyesha waiache, kwa kuwa usalama wake kwao haujachunguzwa vya kutosha. Mwenye kisukari hajakatazwa, kwani majaribio ya vipimo vya kawaida hayakuonyesha kupanda kwa sukari kwa kiasi cha kutia hofu, lakini apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo. Mwenye presha ya macho amwambie daktari wake wa macho. Mwenye pumu awe mwangalifu na aache mara moja kifua kikibana.

Wagonjwa wa figo, wa moyo na wa shinikizo la damu wana jambo la kuangalia ambalo wengi hawalijui. Glukosamini salfeti haikai vizuri peke yake, hivyo hutulizwa kwa chumvi, ama kloridi ya sodiamu ama kloridi ya potasiamu. Katika aina moja iliyotumika sana Ulaya, kila pakiti ya miligramu 1,500 za glukosamini salfeti hubeba miligramu 384 za chumvi ya kawaida. Kwa mtu mzima mwenye afya hicho ni kiasi kidogo. Kwa aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, au ambaye figo zake zinashindwa kutoa potasiamu, ni sababu ya kuuliza kwanza.

Hatua ya tano: soma lebo kabla ya kutoa fedha

Nunua katika duka la dawa lenye mfamasia, na uombe chupa uisome kabla ya kulipa. Tafuta mambo haya kwa utaratibu.

Angalia kwanza ni aina gani: glukosamini salfeti au glukosamini hidrokloridi. Majaribio yaliyoelekea kuonyesha nafuu yalitumia zaidi salfeti, wakati jaribio la Marekani la mwaka 2006 lilitumia hidrokloridi. Kama umeamua kujaribu, jaribu ile yenye nafasi kubwa zaidi ya kukufaa.

Angalia kisha kipimo cha siku nzima, kwa sababu hapa ndipo lebo nyingi huficha mambo. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya chupa, tuseme 1,500, mara nyingi si ya kidonge kimoja bali ya vidonge vitatu. Chupa ya vidonge 60 vya miligramu 500 ni dawa ya siku 20 tu, na miezi mitatu itahitaji chupa tano. Gawanya bei ya chupa kwa idadi ya siku itakazodumu, uzidishe kwa siku 90, na hiyo ndiyo gharama halisi ya jaribio lako. Ilinganishe na gharama ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia mara chache katika hospitali ya mkoa au ya kaunti, ambako utafundishwa mazoezi utakayoyafanya bure miaka yote. Ikiwa huwezi kulipia vyote viwili, chagua fiziotherapia.

Epuka chupa yenye viambato 15 ambavyo kila kimoja hakijatajwa kiasi chake, na badala yake kuna jumla moja ya "mchanganyiko maalumu". Hutaweza kujua kilichokusaidia wala kilichokudhuru. Msomaji Mwislamu aulize pia asili ya kapsuli, kwa kuwa jelatini huweza kutokana na nguruwe, na aulize asili ya kondroitini kwa sababu hiyohiyo. Vidonge visivyo na kapsuli vyenye glukosamini pekee huondoa sehemu kubwa ya mashaka hayo.

Uliza namba ya usajili. Tanzania Bara, dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na usalama wa chakula na Shirika la Viwango, TBS, tangu kazi hizo zilipogawanywa mwaka 2019. Zanzibar kuna Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, na Kenya kuna Bodi ya Dawa na Sumu. Bidhaa iliyoletwa katika mkoba kutoka ng'ambo haiwi salama zaidi kwa kuwa imetoka Marekani, kwani sheria ya huko ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila kuidhinishwa kwanza na mamlaka ya dawa.

Jihadhari hasa na kirutubisho cha viungo kinachofanya kazi haraka kupita kiasi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo ya kurudiarudia kuhusu bidhaa za viungo ziitwazo Artri King na Artri Ajo King, ambazo ziliuzwa kama virutubisho vya glukosamini na mitishamba lakini vipimo vikakuta ndani yake diklofenaki, na katika baadhi deksamethasoni pia, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni dawa ya kundi la steroidi: huondoa maumivu ndani ya siku moja au mbili, huongeza hamu ya kula, kisha hupandisha sukari na shinikizo la damu, huvimbisha uso na kudhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Glukosamini halisi haitendi hivyo; huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta badiliko lolote. Basi kama "kirutubisho" chako kilikufanya ukimbie ndani ya siku mbili, kuna kitu kingine ndani yake. Hata hivyo usikiache ghafla baada ya kukitumia kwa wiki nyingi, kwa sababu mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza homoni yake wenyewe na mtu huweza kuzimia au kupatwa na hali mbaya zaidi; chukua chupa hiyo uende nayo hospitali, ili daktari apunguze dozi kwa mpango.

Hatua ya sita: pima kwanza, kisha anza

Wiki mbili kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, fungua daftari. Kila jioni, kwa saa ileile, andika maumivu ya siku hiyo kwa namba kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni kutoumwa kabisa na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawazia. Mara moja kwa wiki fanya kipimo cha kiti: kunja mikono kifuani, mwombe mtu ashike saa, na uhesabu ni mara ngapi unaweza kusimama wima na kukaa ndani ya sekunde 30. Ongeza kazi mbili au tatu ambazo goti limekunyima na ambazo ni za maisha yako mwenyewe, kama vile kukaa tahiyatu hadi mwisho wa swala, kupiga magoti kanisani, kuchuchumaa chooni, kupanda ngazi ya daladala bila kushika bomba, au kupalilia tuta zima bila kupumzika, na uandike kila wiki kama unaiweza, unaiweza kwa shida, au huiwezi.

Wiki hizo mbili si urasimu. Maumivu ya goti lililochakaa hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hununua dawa siku ambazo yamepanda. Kwa hiyo hata angemeza unga wa muhogo, wiki zinazofuata zingekuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa afadhali. Ukiongeza matumaini ya mgonjwa na uangalizi anaoupata, unaanza kuelewa namna ambavyo watu 60 katika 100 walipata nafuu kutokana na kidonge kisicho na kitu. Bila wastani wa wiki zilizotangulia, hutakuwa na cha kulinganisha nacho isipokuwa kumbukumbu ya siku yako mbaya kuliko zote.

Kipimo kilichotumika katika majaribio ni miligramu 1,500 za glukosamini salfeti kwa siku, kwa mkupuo mmoja au zikigawanywa mara tatu za miligramu 500, na ni vizuri kuzimeza pamoja na chakula ili kupunguza kiungulia, kichefuchefu, kuhara au kufunga choo, ambayo ndiyo madhara ya kawaida. Kuongeza dozi hakuongezi nafuu. Usianze kitu kingine kipya katika miezi hiyo, iwe ni mafuta ya kuchua, chai ya majani fulani au kirutubisho cha pili, kwa sababu utaharibu hesabu. Mazoezi uliyokwisha kuyaanza katika hatua ya pili yaendelee vilevile. Ndiyo sababu nilitaka yaanze kabla. Ukihitaji dawa ya maumivu siku fulani, meza uliyoruhusiwa na uiandike, kwa kuwa kupungua kwa idadi ya vidonge hivyo nako ni kipimo.

Acha mara moja na umwone mhudumu wa afya ukitokwa na vipele, ukivimba midomo, ukibanwa kifua, ukipata manjano machoni, au ukiona michubuko na damu isiyoelezeka. Ukipangiwa upasuaji, mweleze daktari kuwa unatumia kirutubisho hiki.

Hatua ya saba: amua siku ya 90

Linganisha wastani wa maumivu wa wiki mbili za mwisho na ule wa wiki mbili za kabla ya kuanza. Kupungua kwa pointi mbili au zaidi katika kipimo cha 0 hadi 10, au kwa takriban asilimia 30, ndicho kiasi ambacho wagonjwa wengi hukihesabu kuwa nafuu ya kweli. Chini ya hapo ni vigumu kukitofautisha na mawimbi ya kawaida. Tazama pia idadi ya kusimama kitini na zile kazi ulizoorodhesha. Kama hakuna kilichosogea, acha, wala usishawishike na muuzaji anayekuambia uongeze miezi mitatu mingine "mpaka mwili uzoee".

Kama kuna nafuu, bado kuna swali moja, na njia ya kulijibu ni kuacha vidonge kwa wiki sita hadi nane huku ukiendelea na daftari na mazoezi. Maumivu yasiporudi, nafuu hiyo haikuhitaji vidonge, na umeokoa fedha za mwaka mzima. Yakirudi wazi na kupungua tena unapoanza upya, una sababu ya kuendelea, ukijikagua tena kila baada ya miezi sita na ukipima presha na sukari kama kawaida ya umri wako.

Wapo watakaoniuliza kuhusu virutubisho vingine vinavyouzwa kwenye rafu ileile. Kolajeni ina majaribio madogo yenye matokeo ya kutia moyo kiasi, mengi yakigharamiwa na watengenezaji. Dondoo la manjano limeonyesha kupunguza maumivu katika majaribio mafupi. Lakini manjano ya mchuzi yana takriban asilimia tatu tu ya kurkumini, yaani kiini chake kinachodhaniwa kutibu, na yale ya kapsuli, ambayo yamekolezwa na mara nyingi kuchanganywa na kiini cha pilipili manga ili yafyonzwe zaidi, yameripotiwa kudhuru ini la baadhi ya watumiaji katika nchi kadhaa. Pika nayo bila wasiwasi. Kapsuli zake zipewe tahadhari ileile ya dawa. Ubani wa vidonge hutokana kwa kawaida na mti wa India, na si ule wa Somalia na Uarabuni unaofukizwa katika nyumba za pwani, kwa hiyo kuutafuna ubani wa chetezo si mbadala wake. Ukitaka kujaribu chochote kati ya hivi, kijaribu peke yake, kwa utaratibu uleule wa daftari, baada ya jaribio la kwanza kwisha.

Goti linaloendelea kukuamsha usiku au kukuzuia kutembea hata baada ya miezi ya mazoezi, dawa ya kupaka na kupunguza uzito linastahili kuonwa na daktari bingwa wa mifupa. Upasuaji wa kubadilisha goti unafanyika katika ukanda wetu, ikiwa ni pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na kwa kiungo kilichokwisha kabisa ndio unaoleta nafuu ambayo hakuna kidonge kilichowahi kuikaribia. Siku ya miadi nenda na daftari lako pamoja na chupa zote ulizotumia, hata zile zilizokwisha, kwa kuwa daktari atahitaji kusoma lebo zake.